Jumamosi kwa bibi tunaangalia muvi gani?

Dada Mkubwa: Jamani habari za jioni. Jumamosi wote tupo kwa bibi na muvi naomba tukubaliane MAPEMA, sitaki ile ya kukaa saa nzima mnabishana rimoti iko mkononi mpaka watoto wanasinzia. Kila mtu aseme alichoangalia karibuni. Na msiniandikie "nzuri" peke yake, nzuri ndo nini? Semeni ndefu kiasi gani, inatisha au haitishi, kuna vitu vya kuaibishana mbele ya bibi au hamna, watoto watakaa au watatusumbua

Mjomba: F1 ya Brad Pitt. Nimemaliza

Kitinda: 😂😂 mjomba hujaeleza kitu

Mjomba: Haya sikiliza we kijana. Kuna mzee zamani alikuwa dereva wa mbio za magari, akapata ajali, akapotea kabisa kwenye mchezo, sasa rafiki yake ana timu inashika mkia anamfuata aje amuokoe, kufika pale anakuta kijana Damson Idris anajiona yeye ndo yeye, basi hapo ni mzee na kijana mpaka mwisho na nyie mnajua mimi niko upande gani. Hadithi kusema ukweli unaijua kabla haijaanza. Lakini magari! Kamera wameifunga humo humo ndani unaona mpaka shingo ya mtu inavyovutwa kwenye kona, na wameenda kushuti kwenye wikiendi za mashindano yenyewe ya kweli

Binamu: Hapo namuunga mkono mjomba, wale jamaa waliendesha wenyewe kweli, yale magari ni ya daraja la chini yake F2 yamevalishwa bodi yafanane na F1. Ila ni saa 2 na dakika 35, na TV ya bibi spika zake zinakoroma. Muvi ile ukiiondolea sauti umebaki na nusu

Shangazi: Mapenzi yamo?

Mjomba: Kidogo tu

Shangazi: Kidogo kiasi gani maana kidogo yako naijua

Mjomba: Wanakatisha wanatuonyesha asubuhi

Shangazi: Sawa hiyo tunavumilia

Mama Pacha: Watoto dakika 155 za magari hawakai, watakaa ishirini halafu wataanza kuendesha matakia ya kochi. Mimi nasemea The Wild Robot, ya 2024 lakini nyie wengi najua hamjaiona kwa sababu mkisikia katuni mnakunja uso. Dakika 102 tu

Mjomba: Katuni 🙄

Mama Pacha: Si nilisema. Mjomba, sauti ya lile roboti ni Lupita Nyong'o, na sikiliza alivyoicheza, mwanzo anaongea kama mashine ya benki inayokwambia chagua moja chagua mbili, kila sentensi ina uchangamfu wa bandia, halafu kidogo kidogo sauti inapata joto mpaka unafika katikati ushasahau kama ni chuma. Limeanguka kisiwani hamna mtu, wanyama tu wote wanaliogopa, kwa bahati mbaya linaangukia kiota cha bata bukini linabaki yai moja. Yai linaanguliwa, kifaranga kikifungua macho cha kwanza kukiona ni roboti. Basi kishapata mama

Kitinda: nililia

Kaka: Dogo ulilia kwenye katuni?

Kitinda: nenda kaangalie wewe halafu uje hapa

Dada Mkubwa: Inatisha lakini mama pacha? Maana wako wana miaka mitano

Mama Pacha: Haitishi kwa sana ila kifo kipo na hawakifichi, kuna mama mmoja mnyama ana watoto wengi mgongoni hao wanaongelea kufa kama wanaongelea hali ya hewa, wangu walicheka mpaka chini. Mmoja aliniuliza maswali usiku lakini yalikuwa maswali mazuri

Shemeji: Mimi nawaambia ya KUTOKUANGALIA. A House of Dynamite. Nimekaa nimetulia, kombora linakuja Marekani halijulikani limetoka wapi, dakika hata ishirini hazijabaki lifike Chicago, moyo unadunda, watu wanapigiana simu, nasema leo nimepata muvi, mara inarudi mwanzo wanakuonyesha dakika zile zile kwa watu wengine, sawa, inarudi tena mara ya TATU, na mwisho

Kitinda: SHEMEJI USITOE UHONDO

Shemeji: Uhondo gani nitoe hamna mwisho wa kutoa!!! Inakata! Nilidhani intaneti imekatika nikazima nikawasha

Kitinda: 😂😂😂😂 nimekufa

Binamu: Hapana shemeji hapo unaionea. Hiyo muvi haihusu kombora litaanguka au halitaanguka, inahusu kwamba mtu mmoja ana dakika chache aamue kuua mamilioni kwa taarifa nusunusu alizopewa kwenye simu. Angalia walivyomficha rais, sehemu mbili za kwanza unamsikia tu sauti kwenye laini, inakatikakatika, ya tatu ndo unamwona kumbe ni Idris Elba alikuwa kwenye shughuli ya basketiboli na watoto. Yaani mwenye kauli ya mwisho ndo anayejua kidogo kuliko wote. Kathryn Bigelow alijua anachofanya

Shemeji: Mimi nilikaa dakika 112 nijue kombora linafika au halifiki. Nyie wasomi kaeni na rais wenu

Dada Mkubwa: Hiyo kwa muvi ya kikundi imetoka, watu wataniulizia mwisho mimi. Endeleeni

Shangazi: Straw ya Tyler Perry, Taraji P. Henson. Mama mmoja anamlea binti yake mgonjwa peke yake, siku moja kila kitu kinamwangukia kazi, nyumba, gari, anakwenda benki kuchukua hela yake tu aliyoifanyia kazi na hapo ndo mambo yanaharibika. Yule dada anaigiza jamani, analia mpaka na wewe pua inaziba. Ila Tyler Perry ana tabia yake, mambo mabaya anayashusha kama mvua bila kumpa mtu nafasi ya kupumua, katikati nikasema sasa bado nini, paa limwangukie? Mwisho lakini kuna kitu kinageuka sisemi

Mama Pacha: Ukishajua kile kitu rudia mwanzo uangalie upya nani anaongea na binti na nani haongei

Kitinda: ANTI NA MAMA PACHA JAMANI

Mama Pacha: Sijasema kitu mimi

Kaka: Mission Impossible ya mwisho? Tom Cruise mzee wa 1962 ananing'inia kwenye kindege cha kizamani

Shemeji: Saa 2 na dakika 49. Saa nzima ya kwanza wanakumbushana mambo ya muvi zilizopita kama watu kwenye msiba. Anzia kwenye nyambizi. Nyambizi na ndege ni balaa hapo sina neno

Kaka: Avatar mpya?

Shemeji: Saa 3 na dakika 17. Niliona maji nikaona moto nikalala

Bibi: Watoto wangu hamjambo

Kitinda: Shikamoo bibi ❤️

Mama Pacha: Shikamoo mama

Bibi: Marahaba mimi niliwekewa na huyu mdogo ile ya makadinali wanafungiwa ndani wanachagua papa nimeipenda sana hakuna bunduki hakuna kelele ni wazee wanasengenyana kwenye ngazi tu na huyu ana siri na yule ana siri na yule anayesimamia uchaguzi mwenyewe anachoka roho na kuna sista mmoja kutwa yuko kimya akasimama siku moja akasema maneno machache wote kimya halafu akapiga goti kidogo akaondoka nikasema huyo ndiye

Binamu: Conclave hiyo. Bibi ana jicho, ile sini ya sista Agnes wengi ndo wanaikumbuka. Ni ya 2024, saa 2 kamili, tulivu. Ila kwa Jumamosi nadhani nusu ya chumba watalala

Bibi: Wasiolala ndio ninaotaka kuangalia nao

Dada Mkubwa: 😂 Mama umeshinda. Binamu wewe ndo mtaalamu mbona unakosoa tu hujasema ya kwako

Binamu: Sinners. Na naomba nieleze vizuri maana watu wakisikia wanyonya damu wanadhani ni ile ya meno marefu na majoho. Huyu Ryan Coogler ndo yule wa Black Panther. Mississippi mwaka 1932, ndugu mapacha wametoka Chicago na hela zisizoelezeka wanarudi kwao wafungue ukumbi wa muziki kwenye kinu cha zamani cha mbao. Michael B. Jordan anacheza WOTE WAWILI. Mwanzo kabisa wamesimama kwenye gari wanapeana sigara mkono kwa mkono na unajua kabisa ni mtu mmoja lakini jicho linakataa. Msichanganyikiwe, mwenye bluu ni Smoke mwenye nyekundu ni Stack. Karibu nusu nzima ya kwanza hamna cha kutisha kabisa, wanazunguka kukusanya watu tu, mpiga piano, mpishi, mtu wa kukaa mlangoni, na usiruke hapo maana usiku ukiingia kila anayeumia unamjua kwa jina

Binamu: Halafu kuna sini ya kijana anaimba bluzi. Hii hata mkiikataa muvi nitafuteni niwaonyeshe hiyo peke yake. Anaimba na kamera inaanza kutembea katikati ya wanaocheza, mara unaona jamaa na gitaa la umeme, hajazaliwa bado huyo, mara dijei na mashine zake, mara wachezaji ngoma wa enzi za mababu, wote humo humo ndani ya ukumbi mmoja mwaka 1932, na paa linashika moto. Ludwig Göransson ndo kafanya muziki. Mimi nilisimama

Kaka: Kweli kabisa. Na majina yakianza kupanda MSIZIME, kuna kipande kirefu cha maana hapo, halafu kingine kidogo mwisho kabisa

Shangazi: Mimi niliiangalia na mama mkwe. Mnasema wanyonya damu wanyonya damu, hakuna aliyeniambia na yale mengine! Na sio kuonyesha tu, MANENO yao! Yule kijana anaelekezwa mambo na mtu mzima kwenye gari mimi nimekaa na mama mkwe bega kwa bega, nikainama naokota kitu chini ya kochi ambacho hakikuwepo

Kitinda: 😭😭😭😭

Shemeji: Kumbe ndo maana mama alisema siku ile ulipoteza hereni

Shangazi: Sikupoteza hereni

Mama Pacha: Hiyo watoto hapana, hata kupita sebuleni hapana

Kitinda: mimi basi Weapons. watoto 17 wa darasa moja wote wanatoka makwao saa nane na dakika 17 usiku, wanafungua mlango wanakimbia gizani mikono wameitandaza hivi kama ndege, anabaki mmoja tu darasani. mwalimu anaingia asubuhi anakuta madawati matupu na mtoto mmoja. kila sehemu inafuata mtu mwingine, mwalimu, mzazi, polisi, kwa hiyo unapata vipande vipande. na inachekesha pia msikimbie, mwisho ukumbi mzima tulikuwa tunacheka na kupiga kelele kwa wakati mmoja

Dada Mkubwa: Na wewe ulilala na taa

Kitinda: nani kasema

Dada Mkubwa: Bili ya umeme

Mama Pacha: Watoto wanaopotea usiku, mimi mama wa pacha, asante siitaki hata bure. Kama hamtaki roboti basi KPop Demon Hunters, wangu washaiona mpaka mistari wanaijua lakini hawachoki, na nyie mtaipenda msikatae, mabinti watatu wanamuziki usiku wanapiga mashetani. Nyimbo ni nzuri zenyewe kama nyimbo, ule wa Golden ulishika namba moja Marekani. Kuna chui mkubwa wa bluu anaangusha chungu cha maua anajaribu kukisimamisha kinaanguka, anakisimamisha kinaanguka, watu wanaongea mambo mazito pembeni yeye anahangaika na chungu chake

Kaka: Dada sio chui yule ni simba milia

Mama Pacha: Haya tiger, umeshinda

Dada Mkubwa: Jamani inatosha. Naamua. Saa kumi na mbili roboti, wote, dakika 102, mjomba na wewe utakaa. Saa mbili watoto wanapelekwa kulala. Baada ya hapo wakubwa tunachagua kati ya F1 na Sinners. Ninachowaza ni bibi tu kwa ile ya pili

Mjomba: F1 F1 F1

Bibi: Nawazwa kwa lipi

Dada Mkubwa: Mama ile ya wanyonya damu ina mambo ya watu wazima

Bibi: Kwani nyie mnafikiri mlitoka wapi

Kitinda: 😂😂😂😂😂😂😂

Shemeji: Kikundi kifungwe

Bibi: Mimi nataka hiyo ya muziki nimsikie huyo kijana anaimba. Ila wekeni maandishi chini makubwa hao Wamarekani wa zamani wanameza maneno

Binamu: Ni kweli bibi, lafudhi yao ile nzito hata mimi niliwasha sabtaitol. Nitakuja na spika yangu pia maana hiyo muvi kwa zile zinazokoroma ni dhambi

Mjomba: Spika ikija inafaa na F1

Dada Mkubwa: Mjomba jumapili mchana utawekewa, wewe na Kaka na wanaopenda magari. Imeisha

Mjomba: Na hilo roboti nikilala msiniamshe

Mama Pacha: Hutalala. Kaa na leso

Shangazi: Binamu hebu niambie kabisa, zile sini za Sinners ziko dakika ya ngapi nijue muda wa kwenda jikoni kuchemsha maji

Binamu: Anti ziko kadhaa, hazikai sehemu moja

Shangazi: Basi nitachemsha mengi