FFR 0.77 na iFR 0.92 katika ateri moja: tufuate kipimo kipi?

Mkaazi wa Moyo
Wenzangu, naomba mawazo yenu. Mgonjwa hubanwa na kifua anapopanda ngazi, na picha inaonyesha mbano wa wastani mwanzoni mwa ateri ya mbele ya moyo. Tulipitisha waya wa kupima shinikizo la damu ndani ya ateri ili tupate iFR na FFR, vipimo viwili vya kiasi ambacho mbano unapunguza shinikizo: iFR ilikuwa 0.92, juu ya mpaka wa 0.89; baada ya adenosini, dawa ya kutanua mishipa midogo, FFR ilishuka hadi 0.77, chini ya mpaka wa 0.80. FFR inaelekeza stenti (kibomba cha kupanua ateri), iFR inatuambia tuache.

Fundi wa Katheta
Kwanza tujue kama namba zenyewe zinaaminika. Mliporudisha waya kwenye ncha ya katheta, shinikizo lake lililingana na la aota, mshipa mkuu utokao moyoni? Hitilafu ya 0.03 hugeuza uamuzi kirahisi, hasa kwa iFR, ambayo hupima tofauti iliyo ndogo tangu mwanzo.

Mkaazi wa Moyo
Tulirudisha, Fundi. Tofauti ilikuwa 0.01.

Daktari Mtiririko
Basi hakuna aliyekosea. Vipimo vyote viwili hugawanya shinikizo la baada ya mbano kwa lile la aota, ila iFR hufanya hivyo katika sehemu ya diastoli (moyo unapolegea kati ya mapigo), bila dawa ya kuongeza mtiririko, na FFR hungoja mtiririko ufike kileleni. Damu ikizidi kupita kwa kasi, shinikizo huzidi kupotea. Ateri hiyo hulisha eneo kubwa la msuli, na mishipa midogo ikiwa bado inatanuka vizuri, adenosini huongeza mtiririko kiasi cha kuishusha FFR peke yake. Kinyume chake, iFR mbaya na FFR nzuri, huonekana zaidi kwa wenye kisukari, ambao mishipa yao midogo haitanuki ipasavyo. Vipimo hivi hutofautiana kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano, kwa hiyo si jambo la ajabu.

Mzee wa Adenosini
Mimi ningefuata FFR. Ni kweli kwamba mwaka 2017 majaribio ya DEFINE-FLAIR na iFR-SWEDEHEART, yaliyolinganisha wagonjwa walioongozwa na iFR na walioongozwa na FFR, yalionyesha kuwa iFR si duni kuliko FFR baada ya mwaka mmoja, lakini katika DEFINE-FLAIR, baada ya miaka 5, vifo vilikuwa asilimia 9.0 upande wa iFR na 6.2 upande wa FFR.

Daktari Mtiririko
Mzee wangu, kwa heshima, iFR-SWEDEHEART haikuona tofauti hiyo katika miaka 5. Isitoshe, kila mgonjwa wa majaribio hayo aliongozwa na kipimo kimoja tu, hivyo hayakuuliza swali la mwenzetu. Mtiririko ukipimwa moja kwa moja, ateri nyingi zenye FFR mbaya na iFR nzuri hupitisha damu karibu sawa na zile ambazo vipimo vyote ni vizuri.

Mzee wa Adenosini
Hilo nalikubali, ingawa mgonjwa huyu ana dalili, nazo pia ni kipimo.

Fundi wa Katheta
Mlipovuta waya polepole, shinikizo lilipanda kidogo kidogo au liliruka mahali pamoja? Na dawa amefikia wapi?

Mkaazi wa Moyo
Liliruka kwenye mbano wenyewe, kwa hiyo stenti ingekuwa na pa kushika. Dawa ya maumivu ya kifua anatumia moja tu, tena kwa kipimo kidogo. Tutaongeza ya pili kwanza; kifua kikiendelea kumbana anapopanda ngazi, tutarudi kwenye ile 0.77.