Bar Mitzvah: karamu imeimeza Torati?

Mhudumu wa Jersey: Wadau, nahudumu kwenye kumbi za sherehe huku New Jersey. Jumamosi usiku ilikuwa Bar Mitzvah, sherehe ya Wayahudi mvulana anapofikia umri wa kushika amri za dini, ya kijana wa miaka 13: didijei, keki yenye umbo la raba, na kila mgeni fulana yenye jina la mtoto. Tangu nabeba trei hadi nafuta meza, Mungu nilimsikia kwenye baraka ya mkate tu. Na kwa sheria yao sherehe si sharti. Mvulana akitimiza 13 amri zinamshika hata akiwa amelala kwao. Rabi Moshe Feinstein, mwanazuoni mkubwa wa sheria ya Kiyahudi, aliandika kwamba angekuwa na uwezo angeifuta kabisa sherehe hii huko Marekani, kwa kuwa haijamvuta mtu kwenye Torati. Namuunga mkono. Hata asubuhi sinagogini mtoto anakariri Torati kama kasuku, jioni keshasahau.

Binti Mvita: Kaka, hiyo karamu sina habari nayo. Hilo la kasuku ndilo limenichoma. Nilikhitimu Kurani nikiwa na miaka 11, na Kiarabu cha kuombea maji sikijui. Marehemu bibi alilia siku ile. Alimlilia kasuku?

Mhudumu wa Jersey: Dada, madrasa sijaigusa. Nimesema Wayahudi.

Binti Mvita: Umeigusa. Asomaye asichokielewa ni yule yule, awe sinagogini au chuoni.

Mseminari: Rudini kwenye mada. Karne ya 16 Rabi Solomon Luria alisema mtoto akifafanua Torati mezani, karamu yenyewe inahesabika amri iliyotimizwa. Chakula hakina kosa. Kwetu kipaimara kinaundiwa kamati na michango, na katekesi mzazi hajui imefika wapi. Ila hii Bat Mitzvah ya wasichana ni mambo ya juzi, kuigana tu.

Binti Mvita: Juzi ipi? Binti Judith Kaplan alisoma Torati mbele ya watu kwenye Bat Mitzvah yake New York, Machi 1922. Babu yako alikuwa ameshaoa?

Mseminari: Babu yangu muache apumzike.

Yaya Mstaafu: Mhudumu, mwanangu, wewe umeona usiku tu. Mimi nimelea kijana wa nyumba kama hiyo miaka sita. Gombo la Torati halina irabu wala alama za sauti. Vyote viwe kichwani. Kidole hakigusi ngozi ile, anafuata mstari kwa kijiti cha fedha chenye kiganja kidogo nchani. Miezi mizima, kila baada ya chakula cha jioni, alikaa kwenye ngazi akirudia mstari uleule hadi nami nikaushika. Siku yenyewe akateleza neno moja. Wazee wakamsahihisha hapohapo, kwa sauti, mbele ya kila mtu. Masikio yakamwiva, akalirudia, akaendelea. Usimwite kasuku tena.

Mhudumu wa Jersey: Shikamoo mama. Neno nalifuta. Lakini nikuulize: huyo kijana sasa sinagogi anakanyaga?

Yaya Mstaafu: Marahaba. Yom Kippur tu, ile siku yao ya toba, na inaniuma. Ila baba yake alipofariki nilikwenda mazikoni. Walimpa karatasi ya Kadishi, sala ya wafiwa, iliyoandikwa kwa herufi za Kilatini, kama wanavyowapa wasiojua. Aliirudisha. Akafungua kitabu, akaisoma kwa herufi za Kiebrania zenyewe hadi mwisho.