Tupeane uzoefu: habari ya mauaji ikisomwa na mtuhumiwa ni mweusi, wewe unatazamwaje?

Ndugu zangu weusi mlioko Marekani, naanza mimi. Nilikuwa zamu ya jioni kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Runinga ikasema anatafutwa muuaji: mwanamume mweusi, kimo cha wastani, sweta jeusi la kofia. Basi. Si umri, si kovu, si namna anavyotembea. Sweta langu la kofia lilikuwa limetundikwa pale mlangoni. Bibi niliyekuwa nikimlisha kwa miezi saba akalitazama, akanitazama mimi, akafumba mdomo. Kijiko kikabaki hewani. Yeye simlaumu. Naumia na ile taarifa, maana kwa maelezo yale humkamati muuaji, unajifunza tu kumwogopa kila mweusi. Na mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la Associated Press unataka rangi itajwe pale inapohusika tu. Leteni yenu.

—

Mimi nilikuwa South Carolina mwaka 1994, Susan Smith aliposema mwanamume mweusi kampora gari na wanawe wawili wamo ndani. Siku tisa nchi nzima ilimwona akilia kwenye runinga, na mchoro wa huyo "mweusi" ukasambazwa kila mahali. Siku tisa hizo sikutoka usiku. Kumbe watoto aliwazamisha ziwani mwenyewe. Boston mwaka 1989 ilikuwa vilevile: Charles Stuart alimuua mkewe mjamzito akamsingizia mweusi, polisi wakawapekua vijana wa mtaa wa Mission Hill barabarani. Wote wawili walijua uongo gani utaaminika upesi.

—

Kaka yangu ndiye aliyeuawa, lakini habari ilianza na kesi yake ya bangi ya zamani. Mama aliizima runinga, hajaifungua tena jioni.

—

Nimefanya kazi chumba cha habari, nikichagua picha. Wiki moja tulikuwa na vijana wawili, kila mmoja na kesi yake ya mauaji. Mweusi tukamtoa na picha aliyopigwa na polisi alipokamatwa, macho mekundu, ukuta wa kijivu nyuma. Mzungu tukamtoa na joho la mahafali. Nikamuuliza mhariri, akanijibu: ndizo zilizopo. Na kweli ndizo zilizokuwepo! Picha ya polisi inakuja yenyewe kwa barua pepe. Ya mahafali lazima mtu ainue simu, aongee na familia, aiombe. Kwa familia ya yule kijana mweusi hakuna aliyepiga. Wala mimi sikupiga.

—

Mwanzisha mada hapa. Ndugu wa chumba cha habari, siku hizi mnapiga?

—

Napiga mwenyewe, kabla ukurasa haujafungwa. Mara nyingi anapokea mama. Kwanza ananyamaza, halafu ananiuliza nataka ya mwaka gani.