UZI WA HASIRA: Nani kawaambia mapigano ya upanga ni kutikisa kamera na kupiga kelele?

Assalaam alaykum wadau. Leo sina salamu ndefu, nina hasira.

Hii tamthilia ya zama za masultani mnayoisifu huko maskani (jina nnalijua, silitaji, wenyewe wanajijua) imetufanya sote majuha. Wiki nzima tangazo: mapigano makubwa ya upanga, hayajapata kuonekana Unguja! Tukakaa, watoto tukawanyamazisha. Kilichokuja ni kamera iliyoshikwa na mtu mwenye homa. Uso wa bwana mmoja anasaga meno, mkono, cheche, uso tena, mara mtu keshaanguka. Nani kampiga nani? Kampiga wapi? Wallahi hadi leo sijui.

Yakhe, upanga unapiganwa kwa miguu. Mmoja anaingia hatua, mwenziwe anarudi hatua hiyohiyo, na baina yao pana nafasi ambayo mtazamaji anaipima kwa jicho: huyu akisogea shibiri moja tu, kakatwa. Roho yetu inaning'inia kwenye shibiri hiyo. Sasa wewe mhariri unanikatia picha kila nikipepesa jicho, tena unanionesha watu kuanzia kifuani kwenda juu. Nafasi hiyo nitaiona wapi? Mnasema mnaongeza kasi. Kasi gani! Waigizaji wenu hawakufundishwa, na mkasi unawasitiri.

Na msinambie bajeti. Katazameni The Princess Bride ya mwaka 1987, lile pambano la juu ya jabali. Waigizaji Cary Elwes na Mandy Patinkin walifundishwa na Bob Anderson na Peter Diamond, na hata filamu ilipoanza kupigwa wakawa wanaitwa mazoezini kila ukipatikana mwanya. Wakapigana wenyewe, kwa mkono wa kushoto na wa kulia. Walipowekewa watu wengine ni kwenye zile sarakasi za kuruka tu. Ndiyo maana kamera inaweza kukaa mbali, imetulia, ikawaonesha wazima utosini hadi unyayoni. Na huyo Anderson hakuokotwa njiani. Aliichezea Uingereza mchezo wa upanga kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, na kwenye The Empire Strikes Back, ile ya Star Wars, anayepigana ndani ya yale mavazi meusi ya Darth Vader ni yeye. Kwetu kazi hiyo anapewa mpwa wa mtayarishaji aliyewahi kusoma karate.

Halafu kuna hili linaloniuma zaidi: watu wenu wote wanapigana sawasawa. Baharia, mlinzi wa kasri, mtoto wa tajiri aliyelelewa kwa halua, wote wanazungusha upanga juu ya kichwa, wote wanapiga ukelele, wote wanageuza mgongo kwa adui ili wazunguke vizuri. Ukimgeuzia mgongo mtu mwenye upanga umekwisha, hilo hata mtoto wa chuoni analijua! Tazama mwisho wa Rob Roy ya 1995, mapigano aliyoyapanga William Hobbs. Mmoja jitu, upanga wake mzito, kachoka. Mwengine mwembamba, upanga mwepesi, anamchanja kidogo kidogo bila ya haraka, anamdharau waziwazi. Yule mkubwa mikono inamuishia nguvu mbele ya macho yetu, upanga unainama, mpaka anaukamata upanga wa adui kwa kiganja kitupu. Hapasemwi kitu, na kila mmoja unamjua ni mtu wa namna gani. Sasa nyie, baharia wenu nimemjua kwa kilemba tu.

Msidhani nataka marefu. Kwenye Sanjuro ya Akira Kurosawa, 1962, watu wawili wanasimama wanatazamana, kimya, kimya mpaka unataka kupiga kelele wewe. Pigo moja. Kwisha. Sisi dakika nzima ya kling kling, na nimerudisha nyuma kutazama: mara nyengine panga hazijagusana na kling inalia. Upanga unachomolewa kwenye ala, shiiing! Ala gani hiyo? Panga za Kiomani ala zake mbao iliyovikwa ngozi. Ngozi hailii kama kengele.

Na mahala jamani. Mnao Mji Mkongwe. Mnavyo vichochoro ambavyo ukinyanyua kitara kwa pigo la upana unagonga ukuta wa mawe, kwa hiyo mtu atalazimika kuchoma badala ya kukata, na mwenye jambia fupi ghafla ndiye mwenye nguvu. Mnazo baraza za kurukia, ngazi kali, milango ya misumari ya kumbania mtu. Hiyo peke yake ni hadithi kamili. Mkaenda kupigia picha kwenye uwanja wa wazi, nyuma migomba. Kama ni uwanja na migomba, si bora mngesubiri Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya ya kupigana kwa migomba, mkapige picha Makunduchi? Kule angalau watu wanapigana kweli.

Wazee wa kirumbizi nao wapo. Mtu anacheza na bakora, zumari linalia, anakuja na pigo unaloapa litampasua mwenziwe kichwa, na mwenziwe kishalikinga. Hakuna bahati pale. Wanatazamana machoni, na anayepiga anajua mwenziwe yuko tayari. Na wapangaji wa mapigano ya filamu wanafanya hivyohivyo: upanga butu, pigo linapita kando ya mwili, hulitoi mpaka mwenzako amekuona, na mnaanza polepole sana, kasi inakuja mwisho. Mzee mmoja wa namna hiyo angewasaidia zaidi kuliko ile mashine ya moshi mliyoikodi. Hivi ule moshi ulikuwa wa nini?

NYONGEZA: Kuna mtu kanijia inboksi ananambia nina wivu, eti nikatengeneze yangu. Sitengenezi. Mie mpishi, na chumvi ikizidi wateja wangu hawaambiwi wakapike wao. Mwengine anauliza kama nina namba ya mtayarishaji. Nnayo, sitoi. Ila msimu wa pili wameshautangaza, kwa hiyo anayekaa naye karibu amsomee uzi huu kabla hawajaikodi tena ile mashine.