Kura ya siri imeanikwa ukutani, halafu naambiwa "hapa sote ni ndugu"!

Binti Tengeru:
Wakuu, naandika nikiwa ndani ya kifodi, daladala zetu za Arusha, nimebanwa na ndoo ya parachichi, mikono inatetemeka kwa hasira. Nimetoka sasa hivi kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa kile chama chetu cha haki za mtandaoni. Simtaji mtu. Yule bwana wa suti ya bluu mnamjua, kila semina Arusha hii yupo, akishika kipaza sauti hakiachi mpaka betri ife.

Akidi ikahakikiwa, mapato na matumizi yakapita mbio kama kawaida, tukafika uchaguzi wa bodi. Safari hii hakuna karatasi, tunapiga kura kwa simu, fomu ya Google. Jaza jina, namba ya simu, kisha chagua. Nikauliza, jina la nini kama kura ni ya siri? Nikajibiwa ni la kuhakiki uanachama tu. Haya, nikajaza.

Sasa sikilizeni. Kufika kwenye matokeo, badala ya kusoma jumla, yule bwana akafungua jedwali zima kwenye projekta. Jina langu. Namba yangu. Na niliyemchagua. Ukutani! Maandishi makubwa, mtu aliye kileleni Meru angeyasoma bila miwani. Nikasimama nikasema, "Mwenyekiti, zima hiyo." Akacheka. Akasema, "Dada, kaa. Hapa sote ni ndugu, unaficha nini?"

UNAFICHA NINI! Chama cha haki za mtandaoni! Sisi ndio tuliosimama juani soko la Kilombero kuwafundisha akina mama kubonyeza *106# waone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa vitambulisho vyao. Sisi ndio tuliowaambia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwamba taarifa uliyoitoa kwa kazi moja isipelekwe kwenye kazi nyingine bila ridhaa yako. Wakatuamini. Mama mmoja alinifungia ndizi nipeleke nyumbani. Leo sisi kwa sisi tunaulizana tunaficha nini.

Nilichokuwa naficha nakisema. Mweka hazina anayetetea kiti ndiye aliyenipa lifti asubuhi kutoka Tengeru. Sikumchagua, mwaka wa pili huu hesabu zake hazieleweki. Alikaa kiti cha pili kutoka kwangu. Akasoma ukutani, akanigeukia, akarudisha uso mbele. Kimya. Mkutano umekwisha, nimeliona gari lake linatoka getini na siti tatu tupu.

Na jedwali lilikaa ukutani mpaka chai ikaisha. Mpaka CHAI! Wahudumu wanapita na birika wanasoma namba yangu. "Hapa sote ni ndugu." Ndugu!

Mzee wa Sakina:
Pole binti. Ila hizo hesabu ulizihoji mkutanoni, au ulisubiri ukuta ukusemee?

Binti Tengeru:
Nilihoji mwaka jana mzee wangu, nikaambiwa muda umekwisha, niweke kwenye mengineyo. Na mengineyo hayakufikiwa. Lakini suala ni kura, baba. Kura ya siri!

Kinyozi Mianzini:
Hiyo chai ilikuwa na nini? Maandazi au sambusa?

Kiborloni Moja:
Afadhali nyie mna fomu. Kikoba chetu huku Moshi tunachagua kwa kujipanga nyuma ya mgombea. Mwaka wa nne huu nasimama nyuma ya mama mkwe, na si kwa mapenzi.

Alto wa Usa:
😂😂 Mama mkwe anahesabu vichwa. Kwaya yetu hata foleni hakuna. Mwenyekiti anajitangaza mwenyewe, anaomba makofi, anafunga kwa sala. Ukishasema amina umeshapiga kura.

Binti Tengeru:
Jamani, mimi NAMBA YANGU ilikuwa ukutani. Kuna mtu simjui ameshanitumia "mambo" mara mbili tangu nipande gari.

Kinyozi Mianzini:
Mjibu dada, pengine ndiye mwenye gari.

Fundi Kwa Mrombo:
Samahani nachomekea. Hiyo *106# nimeijaribu sasa hivi. Naona laini tano. Mimi nina moja! Hizo nne za nani?

Mzee wa Sakina:
Ulisajilia wapi?

Fundi Kwa Mrombo:
Kwa kijana wa mwavuli, stendi ndogo, ule mwezi wa mwisho wa kusajili laini kwa alama za vidole, kabla ya tarehe 20 Januari 2020, foleni hadi barabarani. Akaniambia kidole hakisomi kwa sababu ya grisi, rudia. Nikarudia. Rudia tena.

Alto wa Usa:
Ulirudia mara ngapi?

Fundi Kwa Mrombo:
Mara tano.

Kiborloni Moja:
Yesu wangu. Ngoja na mimi nibonyeze.

Kiborloni Moja:
Tatu!! Na mimi niliambiwa vidole vyangu vimechakaa kwa kuosha vyombo!

Binti Tengeru:
Wapelekeeni kampuni ya simu wazifute leo leo, nendeni na kitambulisho. Ila wakuu, turudi kwenye kura.

Fundi Kwa Mrombo:
Subiri dada, tumalize la laini kwanza. Huyo kijana alikuwa mwembamba, ana pengo la mbele?

Kinyozi Mianzini:
Pengo la juu au la chini? Maana kuna mmoja namnyoa kila Jumamosi.