Kwa nini saratani ya kongosho hudhaniwa kuwa vidonda vya tumbo?

Mwana wa Kirumba:
Habari zenu, ndugu zangu. Mjomba wangu, mvuvi wa Ukerewe, alitibiwa vidonda vya tumbo kwa miezi mitano, akapewa na dawa za kichocho, kisha akaambiwa ana kisukari ilhali alikuwa anazidi kukonda. Macho yalipogeuka manjano ndipo tulipomvusha kwa kivuko kuja Mwanza, na picha ya CT ikaonyesha uvimbe kwenye kongosho. Je, waliomtibu awali walikosea, au ugonjwa wenyewe ndio unaojificha?

Tabibu mstaafu, Igoma:
Pole kwa kuuguza. Kongosho imelala nyuma ya mfuko wa chakula, karibu na uti wa mgongo, hivyo uvimbe mdogo hauguswi kwa kubonyeza tumbo. Maumivu yake huanzia chembe ya moyo, pale pale panapouma vidonda, ingawa mara nyingi hupenya hadi mgongoni. Mrija wa nyongo nao hupita katika kichwa cha kongosho; ukibanwa, macho huwa manjano, mkojo huwa kama chai ya rangi, choo hupauka na ngozi huwasha, na kila mtu hufikiria homa ya ini au mawe ya nyongo. Kwa kuwa insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, hutengenezwa humo humo kwenye kongosho, kisukari kinachomzukia mtu mzima anayekonda bila sababu kinastahili kutiliwa shaka. Kuhusu kichocho, mvuvi wa ziwa letu akilalamikia tumbo, sioni kosa kuanzia hapo, kwa maana kimejaa huku. Kasoro ni kurudia dawa zile zile zisipomsaidia.

Mama wa Nyegezi:
Shikamoo, daktari. Mbona dada yangu alipimwa ultrasaundi na majibu yakaja safi, kumbe alikuwa nao?

Tabibu mstaafu, Igoma:
Marahaba, mama. Hewa iliyomo matumboni huziba mawimbi ya kipimo hicho, na kongosho huenda isionekane yote. Picha ya CT yenye dawa ya mshipani huonyesha vizuri zaidi.

Mwana wa Kirumba:
Asante sana, mzee wangu. Sasa nakumbuka kwamba choo chake kilikuwa kikielea na kung'aa mafuta, naye akasingizia sangara.

Tabibu mstaafu, Igoma:
Hiyo nayo ni kongosho: vimeng'enya vyake, yaani kemikali za kusaga chakula, visipofika utumboni, mafuta hutoka kama yalivyoingia. Mweleze daktari wake.