Kwa nini moyo dhaifu hupewa dawa ya kuupunguzia kasi?

Muulizaji: Mama yangu, aliyeishi na shinikizo la juu la damu kwa miaka mingi, ameambiwa kwamba moyo wake unashindwa kusukuma damu ipasavyo. Ameandikiwa furosemidi, enalaprili, spironolaktoni na bisoprololi. Hii ya mwisho hupunguza mapigo ya moyo. Naomba kueleweshwa: moyo uliokwisha kuchoka unapunguziwa kasi kwa faida gani?

Jibu la kwanza: Ndugu, hata madaktari waliwahi kuona kama wewe, na kwa miaka mingi dawa za kundi la bisoprololi zilikatazwa kwa wagonjwa wa aina hii. Moyo ukisukuma damu dhidi ya shinikizo kubwa kwa muda mrefu, kuta zake hunenepa, kisha hukakamaa au hutanuka. Damu inayozifikia figo ikipungua, figo hudhani mtu amevuja damu. Hutoa kemikali iitwayo renini, ambayo huanzisha mfululizo wa kuzalisha anjiotensini inayobana mishipa, na aldosteroni inayozuia chumvi na maji visitoke. Adrenalini nayo huuchapa moyo uende mbio. Kwa majeruhi, msaada huo ni wokovu wa saa chache. Ukidumu miezi, maji hujaa miguuni na mapafuni, na misuli ya moyo hugeuka makovu. Bisoprololi huukinga moyo na adrenalini hiyo. Huanzishwa kwa dozi ndogo, mara nyingi miligramu 1.25, na haifai kuachwa ghafla.

Jibu la pili: Naongezea kwamba enalaprili hupunguza utengenezaji wa anjiotensini, na spironolaktoni huzuia kazi ya aldosteroni. Utafiti wa 1987 kwa ya kwanza, na wa 1999 kwa ya pili, ulionyesha vifo vikipungua. Furosemidi hutoa maji tu, ingawa ndiyo mgonjwa huisifu kwa kuwa nafuu yake huonekana upesi. Miguu ikinywea, zile nyingine zisiachwe. Enalaprili na spironolaktoni kwa pamoja zinaweza kupandisha potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, hivyo damu ipimwe mara kwa mara, na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki ziepukwe. Apimwe uzito kila asubuhi: kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, maji yanarudi.

Muulizaji: Nashukuruni sana. Ana kikohozi kikavu tangu aanze dawa. Je, ni mafua?

Jibu la pili: Enalaprili huweza kukileta, lakini hata maji mapafuni hukohoza. Mwone daktari aliyemwandikia dawa, naye ataamua kama aibadilishe, msiisimamishe wenyewe.